Bwana Seng'enge Amefika Laurel

Shoga yangu Zuhura,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari na sijui niishike kichwani au mkiani. Murase kaja. Si kwenye kaseti. Kaja kwa miguu yake mwenyewe, hapa hapa Laurel, Amerika, nikampa mkono, na mkono huu ninaoandikia bado nauangalia kama si wangu. Bwana Seng'enge wako, Zuhura. Tangu Jumapili nazungumza peke yangu jikoni. Nikigeuka nikuambie, hupo. Basi nimeona nikuandikie.

Nikupe kwanza ya kwetu. Kazini ni kule kule, nyumba ya wazee ni ile ile. Chumba cha kufulia wameleta mashine mpya, na nafasi yako kashika dada mmoja wa Nyeri, mcheshi, anaweka redio ya nyimbo za kanisani tangu anaingia hadi anatoka. Kila mtu anazungumza habari za kompyuta zitakazozimika mwaka elfu mbili ukiingia. Mimi bado niko Adelphi, nyumba yetu ile ile, na vikombe vyako navinywea mwenyewe, sitaki mgeni avishike.

Na Bi Fumiko, ajuza wetu wa pale kazini, hajambo. Uji wa asubuhi anaukataa vilevile. Ulipoondoka alikaa muda mrefu hataki kutolewa chumbani, nikadhani tutampoteza naye.

Hivi unakumbuka tulivyoanza? Ulikwenda Silver Spring kwa Papa Dido kununua samaki wakavu na kukodi filamu ya Kihindi, na yule Mkongo na haraka zake akakupa kaseti siyo. Siku hiyo ulitoka kwenye mashine ya kusafisha damu, umechoka, umejilaza kochini na buibui lako hujavua. Nikatia kaseti. Badala ya mrembo kucheza kwenye mvua, tukaona Mjapani mfupi mwenye suruali nyeupe anarushwa kwenye ulingo uliozungushiwa seng'enge, zile waya za miba wanazozungushia mashamba ya mkonge kwetu Tanga. Nikanyanyuka nizime. Ukanishika mkono. "Ngoja kwanza, Salma," ukasema. "Yuwainuka yule."

Akainuka kweli. Nawe ukakaa kitako.

Baada ya hapo hakukuwa na Kihindi tena nyumba ile. Tukawa tunashusha mapazia, Wapemba wa ghorofa ya pili wasije wakaona wanawake wawili wazima, wamejifunga mitandio, wanamshangilia mwanamume kifua wazi anayetokwa damu. Mimi nilikuwa nakuchokoza. Nikakuambia mambo haya wameyapanga, anayeshinda anajulikana kabla. Ukanijibu bila kutoa macho kwenye televisheni: "Kupanga wamepanga. Na arusi pia hupangwa, na bibi arusi yuwalia kweli."

Lilikuwa wazo lako kumpelekea Bi Fumiko. Mimi nilikuwa namwogesha na kumlisha kila siku, ajuza wa Kijapani aliyeletwa nchi hii na mume askari, mume kafa, mwana yuko mbali, naye alikuwa kama kafunga mdomo. Ukatoka kule kwa mashuka na kaseti chini ya khanga, ukaitia kwenye televisheni ya sebuleni wakati wa mapumziko. Mtangazaji alipoanza kupayuka Kijapani, Bi Fumiko alinyanyua kichwa. Kisha akaanza kututafsiria kwa Kiingereza, kwanza neno moja moja, halafu akawa anapayuka kumshinda mtangazaji.

Kwa kinywa chake ndipo tulipomjua Murase. Kwamba alitaka kuwa mcheza sumo, wakamrudisha kwa ajili ya ufupi wake. Kwamba aliingia kampuni kubwa ya mieleka, akabeba mabegi ya wakubwa na kuwasugua migongo kwa miaka, na siku alipopewa nafasi ya kupigana, goti likavunjika. Wakamtoa. Akachimba barabara. Kisha yeye na wenzake walioachwa kama yeye wakaanza kampuni ya kwao, ulingo wakautandika kwenye viwanja vya kuegeshea magari, na kwa kuwa hawakuwa na majina ya kuvutia watu, wakaondoa kamba wakafunga seng'enge. Watu wakaja. Kaseti kwa kaseti tukamwona anapanda: anapigana ulingo umezungukwa na moto, anapigana kwenye uwanja mkubwa wa mpira watu wamejaa mpaka juu, anafungwa ukanda wa ubingwa huku damu inamwingia machoni. Nawe kila mara swali lako lilikuwa moja. "Suruali ile amfulia nani?" Mfuaji ni mfuaji.

Halafu ile kaseti ya kustaafu. Alipigana na mwanafunzi wake mwenyewe, akashindwa, akavua viatu akaviacha katikati ya ulingo. Ulilia, Zuhura. Ulikataa chakula. Papa Dido akatuletea kaseti iliyofuata, na Murase huyo hapo, na viatu vipya. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Ukasema mtu huyu hana haya hata kidogo, na ndiyo maana unampenda.

Sikukuuliza kwa nini uliyatazama sana yale ya yeye kulala chini. Nilijua. Kila ukienda kwenye mashine, asubuhi mabasi mawili, kisha mchana uko kazini unakunja mashuka. Jioni unanambia, "Akiinuka yeye, na mimi kesho nakwenda." Ulikwenda mpaka mwili ulipokataa.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nimeingia kwa Papa Dido, kabandika karatasi ukutani, naye ananinyooshea kidole. "Mama, Mujapani wenu anakuya," akasema. "Anakuya Laurel." Nikamwambia acha mzaha. Nikasoma mwenyewe. Jumamosi mchana, ukumbi wa kituo cha zimamoto, pambano la mwisho la Murase katika Amerika. Nilitoka bila kununua nilichokwenda kununua.

Bi Fumiko nilimwambia nikimchana nywele. Kisha akaniuliza gauni lake la buluu liko wapi.

Ruhusa ilikuwa kazi. Mwanawe alikubali kwa simu, akasema mama hajaomba kitu miaka. Msimamizi wetu akataka kujua ni onyesho la namna gani. Nikasema utamaduni wa Kijapani. Akasema vizuri sana, wazee wanahitaji vitu kama hivyo, akatia sahihi.

Ungeuona ule ukumbi. Viti vya kukunja, harufu ya soseji, vijana wamevaa fulana nyeusi, na mimi na mtandio wangu nasukuma kiti cha magurudumu, na Bi Fumiko juu yake kapaka rangi ya midomo. Walitupisha kama watu wanavyopisha bibi harusi, tukawekwa mbele kabisa. Waya ulikuwa pale, Zuhura, karibu ningeugusa. Nilidhani labda ni wa bandia. Si wa bandia.

Akatoka. Shoga, ni mfupi kuliko tulivyodhani. Ana kitambi. Anachechemea goti lile lile. Paji la uso limejaa makovu kama ubao wa kukatia mboga. Lakini suruali nyeupe pe, imenyooka, nikawa nacheka na machozi yananitoka kabla hata hawajashikana.

Mpinzani alikuwa kijana wa Baltimore, shingo kama gunia la mkaa. Alimnyanyua Murase akambwaga kwenye seng'enge, ukumbi mzima ukavuta pumzi. Akaganda pale, waya umemshika mgongoni, refa anamnasua. Akaanguka chini akalala kifudifudi. Mmoja nyuma yetu akasema yamekwisha, mzee huyu. Bi Fumiko anapiga mkono wa kiti chake kwa ngumi, hatoi sauti. Nami sijui nilisimama saa ngapi. Najikuta nimesimama, napiga kelele kwa Kiswahili mbele ya Wamarekani wote wale: "Inuka, baba! Watu wanakutazama, inuka!"

Alinyanyua kichwa. Sisemi alinisikia mimi. Lakini akainuka, na ukumbi ukalipuka, na yule kijana wa Baltimore akarudi nyuma hatua kwa hofu ambayo, kama ilipangwa, basi ilipangwa vizuri mno. Murase kaanguka tena, kainuka tena. Kamrusha yule jitu mpaka ulingo ukalia. Sauti ilinikauka. Mtu nisiyemjua alikuwa kanikumbatia bega.

Mwishoni alishindwa. Nilikasirika, nikataka kumtukana refa. Bi Fumiko akanivuta kanzu akasema ndivyo inavyotakiwa, mkubwa akiondoka humwachia mdogo ushindi, na kwamba nitulie nisimtie aibu. Kisha Murase akashika kipaza sauti, akasema kwa Kijapani, kirefu, na ukumbi wote ule aliyemwelewa ni ajuza mmoja tu. Nikaona mabega ya Bi Fumiko yanatikisika. Nikadhani analia.

"Anasema anastaafu," akanambia.

Nikamuuliza, tena?

"Anasema safari hii ni kweli."

Tulicheka sisi wawili mpaka Murase mwenyewe akatutazama kutoka ulingoni. Bi Fumiko akampigia kelele kitu kwa Kijapani. Yule bwana akashtuka, akashusha kipaza sauti, akainama mpaka kiunoni.

Baadaye wakatuita nyuma. Tulimkuta amekaa kwenye beseni lililopinduliwa, kichwa kimefungwa bendeji, na unajua anafanya nini? Kaiweka suruali kwenye ndoo ya maji baridi na chumvi. Anafua mwenyewe. Miaka yote hiyo, Zuhura, anafua mwenyewe.

Nikamweleza habari zako, Bi Fumiko akitafsiri. Nikamuuliza na lile jingine ulilokuwa ukiliuliza televisheni, kwamba akiwa pale chini anapata wapi nguvu ya kuinuka. Akasema hajawahi kuinuka kwa mara moja. Huondoa goti moja sakafuni, hafikirii kingine. Kisha akaniuliza wewe ulikuwa ukiinukaje. Nikamwambia mabasi mawili, mashine, mashuka. Akasema maneno machache, na Bi Fumiko hakuyatafsiri papo hapo. Ilibidi apanguse macho kwanza.

"Anasema yeye huambiwa kabla wapi ataangushwa," akasema. "Anauliza, rafiki yako nani alimwambia?"

Nikashika mkono wake kwa mkono wangu huu niliokuambia.

Akauliza uko wapi. Nikasema hapa hapa Laurel, si mbali. Hapo Bi Fumiko akakaa wima kwenye kiti chake na kumpa amri, sauti ya bibi kwa mjukuu, na bingwa aliyepita katikati ya moto akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa chuoni mbele ya maalimu.

Jumapili asubuhi nikamfuata hotelini kwake, kabla hajakwenda uwanja wa ndege. Kakaa mbele kwenye gari langu bovu, Bi Fumiko nyuma. Miti ya huko ulikolala imeanza kuchanua. Makaburini akaniuliza afanye nini, maana hakuja na ubani wala maua na hakutaka kukosea. Nikamwambia kwetu mtu hunyanyua viganja tu, akamwombea aliyelala. Akanyanyua. Viganja vyake, Zuhura, vimechanwachanwa na seng'enge, mistari imepita juu ya mistari. Alisimama hivyo kwa goti lake bovu muda mrefu kuliko mimi. Akajaribu na jina lako. Likatoka "Zufura". Nikasema hilo hilo, anasikia.

Nilipiga picha. Yuko wima kando yako, bendeji kichwani, koti la suti limembana.

Nikuambie na la mwisho. Mama yako alinipigia simu kutoka Mombasa wiki ya arubaini yako. Hakulaumu mtu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu huko ugenini ana mtu wa kumzuru?" Nikamjibu yupo, mimi nipo, akasema alhamdulillahi, lakini nilisikia hakuridhika. Mtu mmoja ni mchache kwa mama.

Basi nakuahidi hili, na likizo nimeshaiomba. Mwezi wa saba ninakwenda. Nitashuka Mombasa kabla ya kwetu Tanga, nitafika kwa mama yako, mtaani Kuze, nitavua viatu nikae naye mkekani, na nitamwambia yote kwa kinywa changu: mashine, mashuka, Bi Fumiko, seng'enge. Nitampa ile picha aishike. Atauliza ni nani huyu Mchina aliyefungwa kichwa. Nitamwambia ni Mjapani, mama, ni bingwa, na alikuja kumzuru mwanao.

Lala kwa amani, shoga. Mungu akupanulie mahali hapo, na akutie nuru.

Wako,
Salma