Betri Moja, Taa Tatu na Wivu wa Mtoni Bugomora

Mshauri wetu wa gazeti, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi, nina hasira. Mimi ni mtu wa ng'ombe niliyezeekea majini: nina miaka arobaini na saba, tumbo linalotangulia mlangoni, na boti ya mbao yenye chumba na paa la bati, iliyofungwa ukingoni mwa Kagera hapa Bugomora, ambamo mimi na mke wangu Kemirembe tunalala, tunapika na kuuza chumvi na sabuni, maana bidhaa zikilala peke yake haziamki zote. Hatukuwa na neno mpaka Egbert, mfanyabiashara wa Muleba, alipokuja na mkewe Kokubanza akafunga boti yake hatua thelathini kutoka kwetu, na boti hiyo, Mshauri, ina taa ya umeme na redio, na tangu hapo kila jua likizama mke wangu anabeba kikapu chake cha kushonea, anavuka ubao wa kuingilia botini anakwenda kuketi na Kokubanza, anarudi na nguo iliyoshonwa na sifa za taa ya watu, “Baba Projestus, kule mwiba wa samaki unauona kabla haujakuchoma,” na mimi nimebaki na koroboi yangu nasikia kicheko chake juu ya maji, nacho si kile anachonichekea mimi.

Egbert naye, kijana wa miaka thelathini mwenye viatu, ananipungia mkono: “Mzee wangu, karibu usikilize habari za dunia!” Nilimjibu dunia naijua, niliikanyaga kabla hajazaliwa. Lakini usingizi ulinikimbia, nikampa dereva wa lori la machimbo mbuzi jike, naye akanipa betri kuukuu ya lori, redio ya motokaa na taa tatu za mbele, nikazifunga zote, moja chumbani, moja jikoni na moja nje ikimtazama Egbert.

Jioni hiyo niling'aa kama harusi. Kemirembe hakuvuka, alikaa karibu nami, hata akaniita kwa jina langu mwenyewe, si la mwanetu. Kufika saa mbili redio ikakohoa, taa zikawa nyekundu, zikafa. Kesho yake nilifanya kama baba alivyomfanyia ng'ombe aliyechoka: nilikoroga chumvi kwenye maji nikainywesha betri. Ikachemka, ikatoa harufu iliyonikohoza, nikafurahi, nikasema imeamka. Haijaamka hadi leo, ingawa nimeilaza chini ya kitanda isiibwe.

Sasa nataka betri tatu mpya, na njia ni moja, kumuuza Bihogo, ng'ombe ambaye baba mkwe alimpa Kemirembe siku ya harusi yetu, anayechungwa na kaka yangu Kimuli. Nilipolitaja hilo Kemirembe alikunja kitambaa chake taratibu akasema, “Bihogo akiuzwa, mimi narudi kwetu Rugu. Na hizo taa zako utamwangazia nani?” Mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi. Nieleze, Mshauri: betri tatu zitatosha kumshinda Egbert, au niweke nne?

Byaruhanga, Mtoni Kagera, Bugomora

*

Ndugu Byaruhanga,

Marahaba, ingawa kwa umri tunatoshana, na tumbo langu nalo huingia ofisini kabla yangu. Nilicheka mpaka mpiga chapa akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwa Bihogo nikaacha kucheka.

Ile harufu ilikuwa sumu. Umeiua betri, kisha unalala juu ya maiti yake. Itoe leo, ikae nje penye upepo, na usimwage maji yake mtoni wanakokunywa ng'ombe wa watu. Mrudishie dereva.

Sasa chukua penseli. Kwenye kitako cha kila taa pameandikwa wati. Taa za mbele za lori huwa thelathini na sita. Gawa kwa volti kumi na mbili za betri, unapata ampea tatu. Taa tatu, ampea tisa. Redio ya motokaa hula kama tano. Kumi na nne kwa kila saa, na wewe bila shaka ulitaka kung'aa saa nne: hamsini na sita kwa jioni moja! Betri mpya ya lori ina akiba ya sitini hivi, lakini huikamui yote, unachukua nusu na nusu unaiachia, kama unavyomwachia ndama. Nusu ni thelathini. Betri zako nne zingekupa jioni mbili, halafu ungezisukuma kwa baiskeli mpaka machimboni zikachajiwe, na Egbert akikupungia mkono.

Hesabu ya boti ya watu wawili ni hii. Taa moja ndogo ya wati sita, ile ya nyuma ya lori, ni nusu ampea; kwa saa tatu, moja na nusu. Redio nusu saa, mbili na nusu. Jumla nne kwa jioni. Betri moja itakupeleka wiki nzima, na hiyo moja utaipata kwa sabuni na chumvi, polepole. Taa ya nje ing'oe. Ilikuwa haiangazi, ilikuwa inatukana.

Ama huo wivu, naujua. Mimi niliwahi kununua gramafoni kwa sababu jirani anayo, na santuri sikuwa nayo hata moja; mke wangu akawa anaweka viazi ndani ya pembe yake. Lakini bwana, mwanamke anayefuata mume wa mtu habebi sindano na uzi akaketi na mwenye mume! Anafuata mwanga na mtu wa kuongea naye. Jioni ile alikaa karibu nawe, akakuita jina. Taa zilipozima, uliongea naye, au uliongea na betri?

Jumamosi hii vuka ule ubao pamoja naye, umpelekee Kokubanza kipande cha sabuni, ukae usikilize hizo habari za dunia. Egbert akikuita mzee, itika. Umuulize yeye anachaji wapi. Mnunuzi mpelekee ujumbe asijisumbue.

Lakini kabla ya hayo yote, leo, kabla hujala, mwambie mkeo hivi: Bihogo hauzwi. Halafu nyamaza. Usitie “lakini.”