Bega la Shati la Donald

Jumatatu, 1 Oktoba 1956

Sasa tunatafuta Presidenti. Mwenyekiti haitoshi! Yule wa kwanza amehamishwa na kazi yake hadi Nakuru, akatuachia muhuri na kiti kibovu. Basi Jumamosi hii, saa nane mchana, wanaume wa Chama cha Wenyeji wa Voi watapanga mistari miwili uwanjani, kila mtu nyuma ya mtu wake. Disii, mkuu wa wilaya, ametoa pamiti: mkutano usiozidi saa mbili, askari wawili, ngoma hakuna. Mji mmoja, chama kimoja, na tayari tunatukanana kama tuliopewa Kenya nzima.

Ningecheka. Lakini kuna maji.

Lile bomba kubwa la kwenda Mombasa limefika kwetu, na tumeambiwa Waafrika wa Voi watapata mfereji. Mmoja! Presidenti ndiye atakayekaa kwenye kamiti ya maji na kusema uwekwe wapi. Ukiwekwa sokoni, mimi dobi ninaishi. Ukiwekwa kwingine, nimekwisha. Mto ni mchanga mtupu tangu Agosti. Mke wangu, mama Lois, anafukua kisima kwa mikono, anangoja maji yajikusanye, anateka kata kwa kata, anapanda ukingo. Madebe sita kwa siku, na hapo sijalowesha hata soksi. Juzi ameanguka. Goti limevimba kama boga. Mambo yakiendelea hivi natia pasi yangu kwenye gunia, narudi Mghange, milimani, kwa kaka yangu, anipe jembe na kicheko.

Wanaotaka kiti ni wawili. Badawy, mwenye hoteli ya hapo sokoni. Na Donald karani, mtoto wa mama mdogo wa mama Lois — kwa hiyo shemeji yangu, nipende nisipende.

Jana baada ya kanisa Donald alihutubia. Loo! Alisema Jumatano iliyopita, alfajiri, alikutana na mama mmoja mjane akipanda kutoka mtoni. Machozi yakamtoka. Akalichukua lile debe akaliweka begani, yeye karani, akalibeba mpaka nyumbani kwa yule mama. "Kwa shati hili hili!" akasema, akajipiga kifua. Wanawake walilia. Mama Lois alilia leso ikaloa. Mimi pia nilipiga makofi — nakiri, humu hasomi mtu.

Mjane gani? Hakuna aliyeuliza. Wanawake wa soko walidhani ni wa landhi, kwenye nyumba za reli. Wa landhi walidhani ni wa soko.

Jumanne, 2 Oktoba

Badawy kaja kuchukua kanzu. Kwenye mkono wa kanzu pana alama ya pasi, ndogo kama ukucha wa mtoto. Kaifungua mbele ya wateja watatu.

"Dobi! Hii ni kanzu au ni ramani?"

Nikamwambia makaa yalikuwa mabichi, Bwana Badawy, yalirusha cheche.

"Si makaa. Nyinyi watu wa milimani pasi mmeiona juzi."

Wateja wakacheka! Mmoja wao ni wa milimani kunishinda mimi, na alicheka kuliko wote.

Nikameza. Nikamuuliza kwa sauti ya upole — ile ninayoitumia nikitaka mtu ajimwage — upresidenti anautakia nini hasa.

"Nataka mfereji mbele ya hoteli yangu. Kwani nitake nini tena? Chai haipikwi kwa mate."

Na sisi?

"Nanyi mtateka. Wallahi sitamzuia mtu. Lakini foleni isinizibie mlango."

Basi. Hizo ndizo siasa zake, zimekwisha hapo. Hata kudanganya hajui! Niliudhika, kanzu yake ya pili nikaikunja nje-ndani.

Jioni Donald kaleta suti yake nyeupe, pamoja na shati la Jumapili. "Shemeji, hii suti ndiyo Presidenti mwenyewe. Mimi nitakuwa ndani yake tu." Jumamosi atakuja kuvalia hapa hapa kwangu, vumbi jekundu lisimpate njiani. Mtu wa maneno mazuri. Aliniuliza habari ya wanga, kama ninao wa kutosha. Habari ya goti la dada yake hakuuliza.

Lakini ni ndugu. Nitasimama nyuma ya Donald. Mama Lois ameshasema, na aliposema alikuwa ameshika mwiko.

Jumatano, 3 Oktoba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Kusoma barua nilijifunza ukubwani, kwa magazeti ya kufungia mashati. Kusoma nguo nilijua kabla ya hapo. Kola hunieleza mtu analala wapi. Magoti ya suruali hunieleza anasali kweli au anainama tu. Miaka tisa nasoma, na nguo haijanidanganya bado. Wenyewe ndio hunidanganya.

Leo asubuhi nimelitandaza shati la Donald juu ya meza.

Madebe yetu ya Voi yote yana kutu. Ukibeba debe begani, maji yanavuja kidogo kidogo na kutu inaacha pete ya kahawia. Ndimu haiitoi. Chumvi haiitoi. Bega la kulia la Donald: safi. Nikasema labda ni wa mkono wa kushoto. La kushoto: safi, jeupe kama la bibi harusi. Nikaligeuza ndani. Nikalinusa! Sabuni ya kunukia.

Hajabeba. Hajabeba debe, hajabeba kata, hajabeba hata kikombe. Na mke wangu alilia!

Basi nikatazama mikono ya shati. Kwenye ncha za mikono yote miwili pana madoa magumu, ya kijani yaliyogeuka kahawia, na matundu madogo madogo ya kuchomwa. Hayo nayajua. Utomvu wa mkonge, na miiba yake. Karani wa ofisi anatafuta nini katikati ya mkonge? Anayeingia shambani kwa lango kubwa hachomwi. Anachomwa anayepita njia ya nyuma, asionwe.

Wanga wangu nimeumwaga kwa hasira. Halafu nikakumbuka ni wangu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Makau amekuja. Ni mpishi wa Mzungu wa shamba la mkonge, kila Alhamisi huniletea shuka na vitambaa vya meza. Mtu mzuri, ila ukimuuliza jambo waziwazi anafunga mdomo kama kopo la nyama. Nikapita pembeni. Nikafungua kitambaa cha meza, nikatikisa kichwa.

"Makau, hapa pamemwagika chai mara mbili. Pande mbili za meza. Memsahibu amerudi kutoka Ulaya?"

"Bado."

"Basi bwana wako anakunywa vikombe viwili kwa pamoja? Ataumwa."

Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Fundi, wewe ni mchawi! Si anakunywa na karani wenu. Presidenti!"

Jumamosi tatu mfululizo. Anaingia kwa mlango wa jikoni, anakaa veranda ya nyuma. Makau anamimina chai na masikio anayo. Wamekubaliana hivi: Donald akipata kiti, ataiambia kamiti kwamba wenyeji wa Voi hawana haraka. Mfereji uende kwanza kwenye kiwanda cha mkonge, mji ungoje mwaka ujao, uwezo ukiwepo. Naye Donald atakuwa karani mkuu wa shamba, na nyumba ya saruji.

"Nimeambiwa niitafutie mtu wa kupaka chokaa," kasema Makau. "Nyumba nzuri, fundi. Mfereji uko ndani. Jikoni!"

Mfereji jikoni!

Nimepiga pasi shuka kumi na moja baada ya hapo na sikumbuki hata moja. Badawy anataka maji mlangoni kwake na anasema. Huyu anayataka jikoni kwake na anawaliza wake zetu! Mmoja ananitukana mbele ya watu, mwingine ananiita shemeji na ananikausha. Nimchague mkorofi kwa sababu tamaa yake inapita mlangoni pangu? Hiyo si sifa ya Badawy, ni sifa ya barabara. Lakini angalau tamaa yake naiona ilipo, haivai suti.

Ijumaa, 5 Oktoba

Wenzangu watasema: simama kesho uwanjani, lionyeshe shati. Rahisi kusema. Mzee aliyenifundisha kazi kule Mombasa alinikataza jambo moja tu. Ukitoa nje ulichokiona kwenye nguo ya mtu mmoja, kesho hakuna atakayekuletea hata leso. Na ni kweli. Nusu ya mji huu hulala vizuri kwa sababu mimi hunyamaza. Nikisema, nimepoteza kazi. Nisiposema, nimepoteza maji, na kazi inafuata. Vizuri sana!

Kwa hiyo sikusema. Nilimpa mama Lois lile shati mchana alipokuja na debe la nne. Nikamwambia macho yangu yamechoka, nitafutie kutu hapo begani nijue pa kusugua.

Akatafuta. Akasogea mlangoni penye mwanga. Akavua leso anayoivaa chini ya debe, akaiweka kando ya shati: pete ya kahawia juu ya pete ya kahawia, za miaka. Na shati.

"Bega hili halijabeba kitu," akasema.

Nikaendelea kupepea makaa.

"Na hapa mkononi ni nini?"

"Mkonge."

Akakaa chini, mguu mbaya ameunyoosha. Yaliyobaki nilimweleza kwa maneno machache — ni mke wangu, si mtaa. Aliikunja leso yake pole pole. "Mama yake ndiye aliyenilea, Zephaniah," akasema. "Tumekula chungu kimoja." Halafu akanirudishia shati.

"Lifue."

Nikamuuliza kesho nisimame nyuma ya nani.

"Chama chenu kina wanawake?"

"Hakina."

"Basi usiniulize."

Nimelifua. Limetakata, ila mikononi. Utomvu hautoki.

Jumamosi, 6 Oktoba

Saa saba na robo mchana. Naandika nimesimama, daftari juu ya meza ya pasi, dirisha wazi.

Donald ameshavaa. Suti imekaa! Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeifanyia huyu. Ametoka, amesimama mbele ya banda langu, na wanachama kama thelathini wamemzunguka wakingoja saa nane. Kabla hajatoka alinishika bega: "Shemeji, wewe simama mbele kabisa. Watu waione familia." Nikasema ndiyo. Mdomo wangu ulisema ndiyo! Ng'ambo ya barabara Badawy amekaa mbele ya hoteli yake na watu wake, kikombe mkononi, anakula mahamri yake mwenyewe.

Mama Lois anakuja kutoka mtoni. Debe kichwani, anachechemea. Kwa kawaida hupita mlango wa nyuma. Leo hapiti nyuma.

Amewapita wanaume wote. Amesimama mbele ya Donald, karibu, maji yanamtiririka shingoni, ya kahawia.

"Kaka," anasema. "Nitue."

Sauti ndogo tu. Lakini wamesikia wote.

Donald anatabasamu. Anatazama kulia, anatazama kushoto. "Ah, dada! Leo tena? Pita basi, mumeo si yuko hapo ndani?"

"Mume wangu hagombei kitu. Nimekwambia wewe."

Mtu mmoja nyuma amecheka, akaacha.

"Begani, kaka, kama la yule mjane. Nimechoka."

Ameinua mikono. Naona ameinua! Imefika kifuani, imesimama hapo. Anatazama mikono ya koti. Nyeupe. Anatazama debe. Mikono inashuka pole pole, inaingia mifukoni.

"Mtueni mtoto wa watu! Hamna haya?" Huyo ni Badawy, anapiga kelele kutoka ng'ambo. Sauti yake inafika mpaka stesheni. Yeye mwenyewe hajainuka kwenye kiti. Kikombe hajakiweka chini. "Mtueni, nawaambia!"

Hakuna aliyesogea. Wanaume thelathini! Wanamtazama Donald, wanamtazama Badawy, wanatazama viatu vyao. Na mama Lois hageuki, hapepesi, amekaza shingo, anangoja jibu lake kutoka kwa yule aliyemuuliza.

Sasa mama Lois ametazama huku. Dirishani.

Goti lake lililovimba linatetemeka, naliona kutoka hapa, na mimi bado naandika!