Mstari wa Chaki kwenye Mwili wa Mrefu

Jumatatu, 3 Machi
Mrefu kaanguka. Mume wangu huyuhuyu anayejigamba hahitaji ngazi kupaka rangi! Leo aliihitaji, ikateleza. Kaangukia mgongo kwenye ukingo wa saruji. Miguu haisogei. Mdomo ndio mzima — kamwonya nesi asiikate suruali, mkewe fundi cherehani atanuna.

Jumanne, 4 Machi
Daktari kanieleza polepole. Kuanguka ni jeraha la kwanza. La pili ndilo linakuja: uti wa mgongo unavimba ndani ya mfupa, na mfupa haupanuki. Askari wa mwili wanakuja kusafisha, wanaharibu hata palipo pazima. Kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu. Hali hiyo ikipanda, niseme upesi. Ikifika shingoni, pumzi... Hakumalizia.

Manesi wawili, wagonjwa arobaini. Kwa hiyo nimepewa kazi: kumgusa kwa ncha ya pini, kutoka chini kwenda juu, hadi aseme “hapo”. Nimechora mstari kitovuni kwa chaki yangu ya nguo. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Palepale! Nimempima mara tatu. Mama mkwe kapiga vigelegele wodini, nusura atolewe nje.

Alhamisi, 6 Machi
Palepale. Daktari kafurahi. Mama mkwe kalala usingizi wa kwanza tangu Jumatatu. Ila kikohozi cha Mrefu kimekuwa chembamba, hakina nguvu. Namuuliza, anasema ni uvivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimesimama koridoni. Pazia limefungwa, daktari yuko ndani naye.

Asubuhi niliona macho yake. Hayaniangalii mimi, yanaangalia pini. Ikivuka mstari tu, “hapo!” Chaki yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha pa kusema! Nikambana. Akacheka kidogo: “Nilitaka Mama apate kulala.” Siku mbili! Nilitamani kumzaba kofi, mgonjwa hivyohivyo.

Nikafuta chaki. Nikamfunga macho kwa mtandio wangu, nikaanza upya. Kitovu. Kimya. Mbavu. Kimya. Nikakandamiza zaidi. Kifua. Mama mkwe kanishika kiuno kwa nyuma. Nikafika chini kidogo ya mfupa wa bega.

“Mke wangu,” akasema, “mbona huanzi?”