Hatua za Kwenda Kibanjani

Kihanga, Karagwe

Mjukuu wangu Asimwe,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako anaanika kahawa huku akigombana na mawingu. Umeuliza: unapotumwa kuwajengea watu waliobomolewa nyumba na mafuriko, uanze kupima nini?

Nilipokuwa kijana, baada ya tetemeko la ardhi kubomoa nyumba za watu, nilikuwa karani wa kamati ya ujenzi kule Mabira. Nilipanga nyumba zote katika mstari mmoja kando ya barabara, ili mabati na matofali yafike kwa urahisi. Mchoro wangu haukuwa na kosa, nami niliuonea fahari.

Mjane mmoja, Mama Kokushubira, alitaka kunirudishia ufunguo siku ileile niliyomkabidhi.

"Mwanangu, nyumba ni nzuri. Lakini mzee wangu nilimzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba. Asubuhi atasalimiwa na nani?"

"Mama, kaburi halihami. Utakwenda kulitazama."

Akacheka. "Kweli umesoma. Basi kalale wewe humo."

Alirudi kibanjani, akajisitiri kwa turubai penye jiko lililobomoka. Ile nyumba mpya akafungia mbuzi. Nyumba nyingine zilikuwa hazijaanza kujengwa; ningeweza kumpa mojawapo palepale kibanjani. Sikutaka kuuvunja mstari wangu. Masika hayakuisha, akafariki.

Ulichouliza sina hakika nacho. Ninachoweza kukuambia ni nilichopima mimi: kutoka barabarani hadi kaburi la mumewe ni hatua mia mbili na kumi. Nilizihesabu nikiwa nimebeba jeneza la Mama Kokushubira.

Babu yako