Siku Baba Alipokuwa Abiria

Mtaa wa Xaltocan,
Xochimilco.
19 Machi 1987

Mpendwa mdogo wangu Leobardo,

Pole tena kwa msiba. U hali gani huko Tijuana? Refugio na watoto hawajambo? Mimi nimeshaanza kula. Mwili una nguvu, moyo ndio bado unajikongoja.

Kwenye simu nililia tu, sikukueleza lolote la maana. Kuna jambo la Jumapili ile, siku tatu kabla Baba hajafariki, ambalo ni haki yako kulijua.

Asubuhi aliniita akasema, "Otilia, leo mimi abiria. Nipeleke."

Miaka arobaini na miwili aliwazungusha watu wa harusi na ubatizo katika mifereji hii, na hakuwahi kuketi hata mara moja. Nikamkalisha, nikamfunika shali. Nikamtania, "Abiria, usisimamesimame ovyo." Akanijibu, "Wewe shika upondo, maneno punguza!"

Trajinera yetu, mashua yetu ya abiria, unaijua: pana, bapa chini, haina haraka. Aliweka glasi ya maji mezani akaikodolea macho hadi tukafika mfereji mkuu. Halikumwagika hata tone. Akatabasamu.

Tulipotoka penye miti, akainama. Akajinyoosha. Akainama tena. "Mlima uko wapi?"

Sisi tunaosimama ukingoni na upondo tunauona Popocatépetl na theluji yake yote. Aliyeketi haoni ila ubao wa mbele, ule wenye jina la Mama, Crescencia.

Nikaukumbuka ugomvi wako na Baba. Ulimwambia ubao utolewe, kwamba chombo cha starehe ni cha anayeketi, si cha anayesukuma. Naye akasema anayetaka kuliondoa jina la mama yake na aondoke yeye. Ukaondoka.

Baba akasema, "Kijana aliona. Mimi nilidhani anamtupa mama yake."

Akataka bisibisi. Nilimbembeleza tumngoje fundi, akakataa katakata. Nikafungua skrubu nne zenye kutu. Ubao ulipotoka, mwanga uliingia hadi mezani. Baba akautazama mlima, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. Njia nzima ya kurudi aliupakata ule ubao kama mtoto mchanga.

Gatini akaniambia, "Mwandikie. Ukimpigia simu kwa ajili yangu ataikata. Mwandikie kwamba nilikosea."

Nilipanga kuandika Jumatano, siku isiyo na wateja. Jumatano alfajiri akaondoka.

Sijui nikuombe msamaha kwa kuchelewa siku tatu, au Baba ndiye akuombe kwa kuchelewa miaka tisa. Ubao nimekuhifadhia chumbani mwake. Uje uuchukue kwa mikono yako.

Shangazi Eulalia anakusalimu sana, na Don Fidencio wa gatini. Wabusu watoto. Mungu akulinde njiani na akulaze salama.

Dada yako akupendaye,
Otilia