Mahali Alipotia Nanga Zubairi

Bwera, Jumatano

Shangazi Kulusum mpendwa,

Assalaam alaykum. Huku mvua imechelewa, na vumbi la malori yaendayo mpakani Mpondwe limejaa hadi kwenye vyombo.

Jumapili mume wangu Zubairi alikodi boti, tukashinda kwenye mfereji wa Kazinga. Tulikwenda polepole, tukila chapati na kutazama viboko na nyati kando ya maji. Adhuhuri alizima injini, akatia nanga penye matete, mbali na watu. Nilikuwa na furaha, Shangazi, sikufichi.

Ndipo mvuvi mmoja mzee wa Hamukungu akapita na mtumbwi wake, akasimama.

"Zubairi, pole ya bibi yako," alisema. "Tulimutafuta siku tatu hapa hapa."

Alipokwenda, nikamwambia mume wangu, "Uliniambia marehemu mke wako wa kwanza alikufa kwa homa."

"Huyo mzee amenifananisha." Kisha akaniuliza kwa upole, "Wewe unajua kuogelea?"

Nikasema najua sana, ingawa wewe uliyenilea unajua kwamba sijui. Alinitazama muda mrefu, halafu akang'oa nanga.

Jumamosi anataka twende tena. Nimekubali, nikacheka naye, nikamkaangia samaki. Simu yangu anaikagua, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi. Ijumaa, yeye akiwa msikitini, nitapanda basi la kuja kwako Kampala. Nisipofika kufikia Jumamosi asubuhi, usipokee maelezo yoyote atakayokupa. Nenda polisi na karatasi hii.

Mwanao,
Nasifah