Shemeji, Ulituua Tukiwa Tunakula

Mpendwa shemeji Ezekia,

Juzi ulipiga simu kutoka Kitwe, huko Zambia, akapokea binti yangu Tumaini. Badala ya kumuuliza habari za shule, ukamwambia kwamba baba yake ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kubisha hodi kwa majambazi. Tangu hapo hanipi chai bila kucheka. Halafu ukamwahidi kwamba Krismasi unakuja Tunduma kuwaongozea yeye na wenzake ule mchezo wetu, maana wewe ndiye fundi wake.

Nimekasirika, shemeji. Nilisubiri hasira ishuke, nikaona inapanda. Kwa hiyo nakuandikia hapa mbele za watu, usije ukasema hukuambiwa.

Unakumbuka tulivyoanza. Mwalimu mgeni wa hesabu alipokuwa anarudi kwao alikuachia boksi: kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na dadu za ajabu, nyingine zina pande ishirini. Ulikisoma wewe, ukatueleza kwa Kiswahili. Wewe mwongozaji unasimulia nchi ya mazimwi na mapango, unasema kwa niaba ya maadui. Sisi kila mmoja ana mtu wake, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Jumapili baada ya kanisa tulikutana stoo ya mama yako, tukakalia magunia ya mahindi. Dada yako Neema, siku hizo bado si mke wangu, alikuwa mpiga upinde. Yusufu, ambaye baba yake alikuwa na malori, alikataa katakata mtu wake aitwe mchawi. Alisema mzee akisikia atamrudisha Kigoma, tukamwita Mwenye Elimu ya Moto. Na mimi, niliyekuwa naogopa hata beberu la jirani, nilikuwa Mwamba, shujaa wa shoka.

Ulitufundisha mwenyewe habari ya kuvamiwa. "Kwanza tunaangalia nani amemwona nani," ulisema. "Ambaye hajaona anarusha dadu, labda atasikia kitu. Akikosa, anapoteza zamu moja. Moja tu. Baada ya hapo kila mtu anapigana." Nilikupenda kwa maneno hayo. Hapa mpakani, ambapo kila mtu alikuwa na njia yake ya mkato, nilimpata mtu mwenye utaratibu.

Sasa ile Jumapili ya mwisho. Tulipanda milima, ulivyoieleza nikaona kabisa ni ile ya Ileje, tukafika kwenye nyumba ya mawe, maficho ya majambazi tuliokuwa tunawasaka. Ukauliza tunafanya nini.

"Nabisha hodi," nikasema.

"Hodi kwa majambazi, we Aidani?" Yusufu akashika kichwa.

"Sasa tuingie kama ng'ombe?"

Ulicheka mpaka ukainama. Kisha ukatoa sauti ya bibi kizee: "Karibuni, wanangu. Hizo silaha ziacheni hapo mlangoni."

Tukaziacha. Wewe uliyelelewa Mbozi ulijua tutaziacha. Nani anaingia kula kwa watu na shoka mkononi? Ukatunawisha mikono kwa maneno, ukatuandalia ugali na kuku, ukamwacha Yusufu aulize kama kuku kachinjwa vizuri, ukamjibu kwa adabu zote. Alipotosheka, ukasema, "Wamewavamia."

Neema akanyoosha mkono. "Lete dadu turushe, tuone kama tumesikia."

"Hakuna kurusha. Mlikuwa mnakula."

"Kitabu kinasema tunarusha."

"Kitabu hakikuandikwa kwa watu wanaobisha hodi."

Ukawachukulia majambazi zamu ya kwanza. Sawa, hata ningevumilia. Ukachukua ya pili. Ukachukua ya tatu, hututazami. Mwamba alikufa ana tonge mkononi, shemeji. Wote watatu tulikufa hatujanyanyuka kwenye mkeka. Kisha ukafunga boksi, ukampa Neema, ukasema, "Kaa nalo." Tukadhani unaona aibu.

Kesho yake ulivuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, kama mtu anayekwenda kununua sukari. Hukumwambia yeyote. Mama yako alishinda pale mpakani akiwauliza wabadilisha fedha, mmoja mmoja, kama wamemwona kijana mrefu mwenye sweta ya kijani. Dereva wa kina Yusufu ndiye aliyekuja kutuambia kwamba amekuona Kapiri Mposhi, umepata kazi gereji, na kwamba hiyo kazi ulikuwa umeipata mwezi mzima kabla hujaondoka.

Ndipo nilipoelewa yale mauaji. Ulijua unaondoka. Hukutaka kuacha hadithi katikati, tukuulize lini tutaimalizia, ukaona bora utuue, uondoke bila deni. Neema anasema ulitaka tukuchukie kidogo ili uweze kwenda. Kama ndivyo, basi kazi yako iliiva, ikaungua.

Sasa mimi ndiye mwongozaji. Ndiyo, mimi, na kitambi hiki, na miwani ninayoitafuta nikiwa nimeivaa. Ninapotaka kuwavamia watoto, kwanza nawapa dalili. Mbwa wananyamaza. Moshi upo, jiko halipo. Wanarusha dadu, aliyekosa anapoteza zamu moja, kisha anasimama. Wiki iliyopita Tumaini alikosa, akapigwa, akanuna mpaka chakula cha jioni. Baada ya chakula akaja kuniuliza tunaendelea lini. Mtoto aliyeshindwa na dadu ananuna jioni moja. Aliyenyimwa dadu ana nywele nyeupe na bado anakuandikia.

Mama amekusamehe siku nyingi. Yeye ni mama. Ukimpigia ukamwitikia kwa heshima "mukwai" kama Wabemba wa huko, anafurahi siku nzima, anatuita tusikie. Mimi ni shemeji, sina huruma hiyo.

Kwa hiyo njoo Krismasi. Kitanda kipo, dada yako ameshanunua shuka na hataki nizikalie. Lakini mezani hutaongoza. Utakaa na watoto, utajitengenezea mtu wako kuanzia chini, na anayeongoza atakuwa Tumaini, ambaye huruma yake ni ndogo kuliko yangu. Na kabla hujashika dadu yoyote utamwambia Neema, kwa mdomo wako, kwa nini hukutuambia unaondoka. Usimpe utani. Utani niachie mimi.

Maana hilo ndilo linaloniuma, shemeji. Uliogopa tutakuzuia. Yusufu angekutafutia lori usilipe nauli. Neema angelia, kisha angekupikia vya njiani. Na mimi Jumatatu ile sikuwa na kazi yoyote. Ningekubebea begi mpaka ng'ambo.

Ni mimi shemeji yako, mume wa dada yako,
Aidani